Goti la Motari na Goti la Mkristo



Hapa kwetu Kindu neno "moto" lina kazi mbili. Moto ni ule wa kupikia sombe, na moto tena ni pikipiki. Mama akiita kwa nguvu "Moto inakuja!", mgeni anatafuta ndoo ya maji, lakini sisi wenyeji tunaruka pembeni ya barabara. Siku moja ndugu mmoja mgeni kutoka Tanzania alinisikia mimbarani nikilia kwamba vijana wetu wanakimbilia kwenye moto. Baada ya ibada alinishukuru sana kwa mahubiri mazito juu ya jehanamu. Nikamweleza kwamba mimi nilikuwa nasema juu ya pikipiki. Akafikiri kidogo, halafu akajibu, "Pasta, kwa namna nilivyoletwa hapa toka uwanja wa ndege, naona ni somo lile lile."

Leo nataka tuzungumze juu ya huo moto wa pili, na zaidi juu ya kiungo kimoja cha mwili ambacho sisi watu wa kanisa tunajivuna kwamba tunakijua kuliko wengine wote. Hicho ni goti.

Karibu na kanisa letu kuna mahali ambapo motari wanangojea abiria. Tunapaita parkingi. Asubuhi moja nilikuta vijana kama sita wameinamia simu moja, vichwa pamoja, kimya kabisa. Nilifurahi, nikafikiri pengine wanasoma Neno. Kumbe wanatazama mashindano ya pikipiki ya Ulaya.

"Pasta, kuja uone!"

Nikaja, nikaona. Mtu amevaa nguo ya ngozi toka shingo mpaka miguu, amelaza pikipiki kwenye kona mpaka inakaribia kulala kabisa, na goti lake linaburuzika juu ya lami kama mtoto anayevutwa kupelekwa shule.

"Masikini," nikasema, "ameanguka."

"Hapana, Pasta! Hajaanguka! Njo vile wanapita kona."

"Na goti je?"

"Anagusisha chini."

"Juu ya nini?"

Hapo wote walinyamaza. Mmoja akasema ni juu ya kupendeza tu. Mwingine akasema ni juu ya kuogopesha wale walio nyuma. Wa tatu, ambaye ni mwimbaji wa kwaya yetu, akasema kwa sauti ndogo, "Labda anaomba." Tukacheka sote, lakini mimi niliondoka na lile swali mfukoni. Watu sita wanapenda kitu mpaka wanasahau abiria, na hakuna hata mmoja anayejua kazi yake.

Wiki chache baadaye, mama mmoja wa ushirika alikuja nyumbani. Mama Pasta alimpa kiti. Akakaa, akashika shavu, akasema, "Pasta, mtoto wangu amekuwa akirudi nyumbani na suruali imetoboka kwenye goti. La kuume tu. Mwanzo nilimshukuru Mungu, nikawaambia hata majirani kwamba mtoto wangu siku hizi anaomba sana. Halafu nikajiuliza, ni nani anayeomba na goti moja?"

Mama huyo ana hekima. Kumbe vijana wawili watatu walikuwa wamechagua kona moja ya mji, mahali palipo na kipande kidogo cha lami, na jioni wanakwenda pale kujaribu yale waliyoona kwenye simu. Na wengine walijaribu hata na abiria mgongoni. Abiria alilipa ili afike sokoni. Hakulipa ili agusishwe chini.

Basi nikaona heri nisiseme kitu mbele ya kujifunza. Mchungaji akikemea jambo asilolijua, vijana wanamsikiliza kwa adabu, wanasema "Amina, Pasta," halafu wanafanya lile lile. Nilisoma, niliuliza, nikatazama. Na ninawaambia kweli, nilikuta kwamba goti la yule mzungu wa simu lina mafundisho mengi, lakini siyo yale ambayo vijana waliyachukua.

Kwanza, kwa nini pikipiki inalala kwenye kona? Kila mtu aliyepanda baisikeli anajua. Ukigeuka, mwili wako hautaki kugeuka, unataka kuendelea moja kwa moja. Ili usitupwe nje, unalala upande wa ndani. Kadiri mwendo ulivyo mkali na kona ilivyo fupi, ndivyo unavyolala zaidi. Lakini kulala kuna mwisho wake. Ukipita kiasi, chuma cha kuwekea miguu kinakwaruza chini, kinainua gurudumu, na mpira unaacha kushika. Hapo safari imekwisha.

Sasa wale watu wa mashindano walipata akili hii: badala ya kulaza chuma peke yake, wanatoa mwili wao wenyewe nje ya kiti, upande wa ndani wa kona. Uzito wa mtu ukienda ndani, pikipiki inaweza kusimama wima kidogo zaidi kwa mwendo ule ule. Ni kama mama anayebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja: mwili unainama upande wa pili ili mambo yalingane. Hakuna aliyemfundisha.

Na goti? Goti halibebi uzito. Goti ni kipimo. Likigusa chini, dereva anajua: nimelala kiasi hiki, nimebakiwa na kiasi hiki. Ninyi mnaosafiri kwa maji kati ya Kindu na Ubundu mmeona yule mtu anayesimama mbele ya chombo na fimbo ndefu wakati maji yamepunguka. Anatumbukiza fimbo, anagusa mchanga, anainua, anatumbukiza tena. Hafanyi vile ili wasichana wa kando ya mto wamwangalie. Anapima kina, chombo kisikwame. Goti la mshindani ni fimbo ile. Kwa hiyo lile goti ambalo vijana wetu waliona kama majivuno, kwa mwenyewe ni uangalifu.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Washindani wa miaka ya 1950 na 1960 wengi walibana magoti kwenye tanki, wakakaa katikati ya kiti kama mashemasi siku ya Meza ya Bwana. Ndivyo walivyokuwa wakishinda siku zile, na mmoja wao alikuwa mtu wa Afrika yetu: Jim Redman, mzaliwa wa London aliyehamia Rhodesia, nchi inayoitwa leo Zimbabwe. Alikuwa bingwa wa dunia mara 6 kati ya mwaka 1962 na 1965.

Baadaye alikuja kijana wa Finland, Jarno Saarinen, bingwa wa dunia wa daraja la 250cc mwaka 1972. Huyo alikuwa mmoja wa wale wa kwanza kutoa mwili nje ya kiti kwenye kona, na watu walimshangaa. Tarehe 20 Mei 1973, kwenye mashindano ya Monza huko Italia, alianguka pamoja na wengine, akafa siku ile ile yeye na Renzo Pasolini wa Italia. Alikuwa na miaka 27.

Mtu aliyeeneza goti chini dunia nzima ni Kenny Roberts wa Marekani, bingwa wa 500cc mwaka 1978, 1979 na 1980. Wakati ule hapakuwa na kitu maalum cha kukinga goti. Washindani walijifungia magotini utepe mgumu wa kunata, ama vipande vya plastiki vilivyokatwa kwenye vioo vya kofia zao za zamani. Niliposoma hayo nilikumbuka wachimbaji wetu wa kasiterite. Niliona mmoja akitoka shimoni, amejifunga magotini vipande vya mpira wa gurudumu la zamani, sababu mule ndani mtu hatembei, anatambaa. Tazama, mbinu ni moja! Tofauti ni kwamba yule wa Marekani alipotoka shimoni kwake alimwagiwa shampeni, na huyu wetu alipotoka alikuta mtu wa mizani anamngoja.

Lakini sikieni neno hili juu ya Kenny Roberts, maana hilo ndilo nililowapelekea vijana wa parkingi. Kabla ya kushindana kwenye lami, yeye alikulia katika mashindano ya Marekani yanayofanyika kwenye udongo. Udongo! Kama wetu! Alikuwa bingwa wa mashindano ya nchi yake mwaka 1973 na 1974, yenye mbio nyingi za udongo. Na katika mbio za udongo, hao mabingwa hawagusishi goti. Wanatoa mguu wa kushoto, na chini ya kiatu wamefunga soli ya chuma, inateleza juu ya udongo kama jembe. Mtu yule yule, juu ya lami alitumia goti, juu ya udongo alitumia mguu. Hakuuliza "Kitu gani kinapendeza?" Aliuliza "Niko juu ya nini?"

Nikarudi parkingi. Sikuchukua Biblia, nilichukua kijiti. Nikachora kona kwenye vumbi, wao wakazunguka.

"Wanangu," nikauliza, "hii barabara yetu ni ya nini?"

"Ya udongo, Pasta."

"Na mvua ikinyesha?"

"Ya sabuni."

Jibu hilo lilinifurahisha. Nikawaeleza habari ya mipira. Mpira wa mashindano ni laini, unapata joto, unashika lami kama gundi, na ndiyo maana wale watu wanaweza kulala kupita digrii 60. Mpira wa TVS ama Boxer uliokwisha meno, juu ya vumbi na changarawe, unateleza mbali kabla goti halijafika chini. Yaani hapa Kindu goti litafika chini kweli, lakini litafika pamoja na bega, kichwa, pikipiki na mama wa nyuma na bidoni yake ya mawese.

"Lakini Pasta," akasema mmoja, "kuko kile kipande cha lami."

"Kiko. Na mwisho wa lami uko wapi?"

"Palepale kisha kona."

"Na mchanga unaoletwa na magurudumu uko wapi?"

"Palepale kwenye kona."

"Basi," nikasema, "umejijibu."

Nikawaambia tena juu ya breki. Mwaka 2023, huko Mugello nchini Italia, Brad Binder wa Afrika ya Kusini alifika kilometa 366 kwa saa. Vijana walipiga mluzi. Ni Mwafrika, wacha tujivune kidogo. Lakini nikawauliza: kwa mwendo ule, magoti yake yalikuwa wapi? Hawakujua. Yalikuwa ndani, yamebana chuma, kichwa kimelala nyuma ya kioo. Goti linatoka nje tu wakati wa kona, na kabla ya kona inakuja breki. Mwisho wa ule unyoofu dereva anashika breki kwa nguvu, mwendo unashuka mara tatu, ndipo analala, ndipo goti linagusa. Yule ambaye hakupunguza hafiki mahali pa kugusisha goti. Anapita moja kwa moja, anakwenda kulala kwenye changarawe iliyowekwa pale kwa ajili yake.

Naam, imewekwa kwa ajili yake. Kwenye viwanja vile nje ya kona wamemwaga changarawe, ama wameacha nafasi pana, ili anayetoka asikute ukuta. Daktari anangoja, ambulansi inangoja, na helikopta tena. Tangu mwaka 2018, katika daraja lao la juu, ni sharti nguo iwe na mfuko wa hewa ndani unaojaa wenyewe mtu akianza kuanguka. Na pamoja na hayo yote wanavunjika. Marc Márquez wa Hispania, aliyekuwa bingwa wa daraja la juu mwaka 2013 akiwa na miaka 20 tu, ndiye aliyewazoesha watu kuona hata kiwiko kikigusa chini. Baada ya goti, kiwiko. Kesho sijui watagusisha sikio! Mwaka 2020 alivunja mkono huko Jerez, akapasuliwa mara nne kabla haujapona vizuri. Mwaka 2011 Marco Simoncelli wa Italia alikufa kwenye mashindano huko Malaysia, na miaka yake ilikuwa 24.

"Sasa sisi," nikauliza, "nje ya kona yetu kuna nini?"

Wakatazamana. Mmoja akahesabu kwa vidole: "Kuko mtaro. Kuko mti wa embe. Kuko mama wa mikate."

"Na daktari?"

Hakuna aliyejibu.

Hapo alisema kijana mmoja ambaye sikumtazamia. Yeye hana pikipiki tena. Anakaa kwenye benchi la parkingi, anauzia wenzake esansi katika chupa. Mwaka wa nyuma, wakati wa mvua, alianguka kwenye kona akiwa na mama mmoja mgongoni. Alikuwa anaonyesha wenzake. Mama yule alivunjika kifundo cha mkono, na mafuta yake ya mawese yote yakanywewa na barabara. Kijana mwenyewe alivunjika goti. Familia iliuza pikipiki juu ya matibabu, na goti likapona, lakini limekataa kukunjika.

Akasema polepole, bila hasira, "Mimi langu liligusa chini mara moja tu. Mara moja, Pasta. Walipiga makofi."

Hakuna aliyecheka. Simu ilirudi mfukoni.

Ndugu zangu, kijana huyo anasali kanisani kwetu. Tunapopiga magoti, yeye anabaki amekaa, mguu mmoja umenyooka mbele kati ya mabenchi, na watoto wanauruka. Siku moja aliniuliza kama Mungu anapokea maombi ya mtu aliyekaa. Nikamwambia anapokea. Hata Eliya juu ya mlima Karmeli, kadiri ya kitabu cha kwanza cha Wafalme, aliinama akaweka uso kati ya magoti, na maandiko hayasemi kwamba Mungu alimpima kwanza namna alivyokaa. Alifurahi. Lakini niliona kwamba swali lake halikuwa la theolojia tu. Ana miaka 23, na alitaka kupiga magoti.

Basi sasa nigeuke kwetu sisi tunaojua magoti. Msifikiri nimekuja kuchapa motari peke yao.

Watu wa Maniema ni watu wa magoti. Mchimbaji wa Kalima na Kailo anakula kwa magoti yake. Mama anayeosha mchanga wa kasiterite mtoni anapinda magoti toka asubuhi. Jirani zetu Waislamu wanashuka chini mara tano kwa siku, hata paji la uso linapata alama. Na sisi Wakristo tunasema tunashinda vita kwa magoti. Ni vizuri. Lakini kuna goti linalopima na goti linaloonyeshwa.

Nimewajua ndugu ambao wakitoka katika maombi hawapanguzi vumbi la magotini. Wanaliacha mpaka sokoni. Vumbi lile linatembea mbele yao, linawasalimia watu. Ukimuuliza ndugu huyo habari ya deni la jirani, anakuonyesha suruali. Huyu na kijana wa kona ni ndugu wa tumbo moja: wote wawili wamegusisha goti chini ili waonekane, na hakuna aliyepima kitu.

Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, kama alivyozoea, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Alijua amri ya mfalme, alijua simba. Hakuanza kupiga magoti siku ile ili wamwone, wala hakuacha siku ile ili wasimwone. Lakini someni vilevile habari ya Gideoni, Waamuzi sura ya 7. Wale waliopiga magoti wanywe maji walirudishwa nyumbani, wakabaki 300 walioleta maji kinywani kwa mkono. Mnaona? Hata katika Biblia siyo kila goti linaloshuka linasifiwa. Kuna mahali pake na saa yake. Mbele ya Mungu, shuka. Mbele ya adui, mtoni, kunywa ukiwa na macho wazi.

Vijana wa machimbo, neno hili ni lenu. Kijana amepata feza yake ya kwanza, anatoka Kalima na moto mpya, nailoni haijatolewa hata kwenye kiti. Feza ni mwendo. Hakuna ubaya katika mwendo; hata mimi nikiitwa kwa mgonjwa nataka motari mwepesi. Ninauliza tu: breki umeinunua? Maana maisha yana kona, na kona haiji na kibao. Ndoa ni kona. Kifo cha baba ni kona. Bei ya kasiterite ikianguka, ni kona kali kupita zote, na wengi walikuwa bado wanaenda moja kwa moja. Piga magoti kila siku kama mtu wa fimbo anavyopima maji, ujue umelala kiasi gani, umebakiwa na kiasi gani, kabla ya kona. Maombi ya mtu aliyekwisha kuruka hewani Mungu anayasikia, sikatai. Lakini mti wa embe nao uko pale.

Wazazi, mtoto akirudi na suruali imetoboka, ulizeni goti gani.

Na sisi abiria tusijifanye watakatifu. Nani anayemwambia motari, "Kimbiza, nimechelewa"? Ni sisi. Nani anayekaa wa tatu nyuma, na mfuko wa mchele kifuani, na kuku? Ni sisi. Tunanyima motari franga za kofia ngumu ya pili, halafu tunamlaumu. Tazameni motari huyo huyo anapovuka Lualaba kwenda Alunguli, pikipiki imesimamishwa ndani ya mtumbwi. Hapo hakuna mbio wala goti. Anashika usukani kwa mikono miwili, anatazama maji, anasema "Polepole, baba, polepole" kwa mpiga kasia, na midomo inacheza kama ya mtu anayekumbuka zaburi. Kumbe polepole anaijua! Kilichobaki ni kuivusha nayo ng'ambo.

Baada ya mazungumzo yale motari wa parkingi yetu walipatana mambo mawili. Hakuna kujaribu goti na abiria, na anayefanya hivyo anakaa siku tatu bila kupakia. Na kila Jumamosi wanafagia mchanga wa ile kona, kwa zamu. Sikuwaomba hilo la pili, walilitoa wenyewe. Yule wa esansi ndiye anayeandika zamu. Mwimbaji wetu amerudi kwaya na suruali nzima, na mama yake anasema sasa anasikitika kidogo, maana ile hadithi ya mtoto anayeomba sana ilikuwa imewafurahisha majirani.

Mungu abariki familia zenu, na awalinde wote walio njiani.

Maswali ya kuzungumza nyumbani jioni:

1. Katika familia yetu, ni nani anayemharakisha motari?

2. Wale watu 300 wa Gideoni walifanya nini mtoni, na kwa nini ilikuwa muhimu? (Waamuzi 7.)

3. Kila mtu aonyeshe magoti yake na aeleze alama aliyo nayo aliipata wapi. Baba aanze.